Vyake Viko kwa Watu

Mama yangu alishona nyungo tangu hajaolewa mpaka wiki aliyolazwa hospitali. Lakini tulipolifungua sanduku lake la bati, siku chache kabla ya kumbukumbu ya mwaka wa kifo chake, tulikuta ungo mmoja tu, nao haujaisha. Ulikuwa umefikia upana wa sahani, na pembeni mwake imechomekwa sindano yake: spoku ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe, upande wa kushikia imefungwa kitambaa kilichong'aa kwa mafuta ya vidole vyake. Chini palikuwa na mafungu ya nyasi, pakiti za rangi za mnadani, kanga moja na rozari. Basi.

Kaka yangu mkubwa alilipindua sanduku akaligonga kitako. Alikuwa amekuja Ilongero kutoka Dar es Salaam na mpango uliokamilika: asubuhi misa, mchana chakula, na katikati yake maonyesho ya kazi za mikono ya mama, zipangwe juu ya meza ndefu chini ya turubai, wajukuu wazione, majirani wapite wakitazama. Turubai lilikwisha kulipiwa, na viti pia.

"Baba, nyungo za mama ziko wapi?"

Baba alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. "Vyake viko kwa watu," akasema, akachukua hindi jingine.

Hapo ndipo kilipoanzia kisa cha Julai ile, ambacho shangazi bado anakisimulia huku amesimama, kwa sababu anasema akikaa hakisimuliki.

Asiyeijua Ilongero aelewe kwanza kwamba ungo kwetu haukai ukutani kama pambo. Tuko kaskazini ya mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu, nchi ya mtama, uwele, alizeti na vitunguu, na vyote hivyo, ukitoa vitunguu, vinapita kwenye ungo kabla ya kufika tumboni au sokoni. Mtama unapepetwa, karanga zinachambuliwa, mboga za mlenda zinaanikwa, unga unachekechewa juu yake. Ungo wa kwetu hausukwi kwa kupishanisha kama mkeka. Unachukua fungu jembamba la nyasi, unalizungusha kuanzia katikati, na kila mzunguko unaushona juu ya uliotangulia kwa ukanda mwembamba uliopitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa sindano. Mshono ukilegea, ungo unapinda na nafaka inamwagikia upande mmoja. Ukikaza mno, kingo zinajikunja, unapata bakuli. Mshonaji anajua kwa mkono tu, wala hakuna rula.

Mama alizaliwa kwenye tembe, ile nyumba ya paa la udongo la bapa ambalo juu yake watu walianika mtama. Katikati ya miaka ya 1970, enzi za Operesheni Vijiji, familia yao ilihamishwa na tembe likaachwa. Yeye alikuwa msichana mdogo. Alitueleza kwamba bibi yake, walipoambiwa wabebe wanavyoweza kubeba, alipanga nyungo moja ndani ya nyingine akajitwisha, na huko walikofikia, kabla ya nyumba kusimama, alikuwa ameshampa kila jirani mpya ungo mmoja. Mama alijifunza kushona kwa bibi huyo. Nadhani na hilo la kugawa alilipata hapo hapo.

Wala hakuwa mtu wa kushona tu. Alidarizi vitambaa vya makochi ya watu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na kochi la aina hiyo. Alichora ndege kwa udongo mwekundu wa kichuguu kwenye ukuta wa jikoni, na mvua ilipowafuta akawachora wengine. Alitunga nyimbo za kwaya ya kigango, akazifundisha kwa kugonga mwiko kwenye debe. Na rangi! Rangi ndiyo iliyotuletea kesi nyingi nyumbani. Alichemshia nyasi zake kwenye sufuria yoyote iliyokuwa karibu, na siku walipokuja washenga kumposa dada yangu, sufuria iliyokuwa karibu ilikuwa ile kubwa ya ugali. Aliisugua kwa mchanga na majivu mpaka akaridhika. Ugali ulipopakuliwa ulikuwa na mistari ya zambarau tangu juu hadi chini. Shangazi aliuona wa kwanza, akaunyakua mezani mbele ya washenga, akautupa, akabandika maji upya, na wageni wakangoja saa nzima wakitafuna karanga. Mama aliketi nao akawaeleza kwa furaha jinsi zambarau ile ilivyopatikana na kwa nini haikutoka. Mzee mmoja wa upande wa pili alisema nyumba ambayo mama anaeleza kosa lake bila kuona aibu ni nyumba ya kuoa. Posa ikapokelewa. Sufuria ile mpaka leo ina kivuli cha zambarau kitakoni, na dada hakuruhusu itupwe.

Kijijini hakuna aliyemwita msanii. Neno hilo kwetu ni la waimbaji wa redioni. Mimi ndiye ninayelitumia, na nalitumia kwa makusudi. Kulikuwa na mwanamke wa Kenya, Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika wakati ambao wanawake karibu hawakuonekana kabisa kwenye darasa hilo. Akarudi nyumbani, akafundisha shule, akalea watoto, na miaka mingi ikapita. Uzeeni alipoirudia sanaa hakuwa na pesa ya rangi. Akachukua karatasi za sabuni na mifuko ya unga, akazikatakata vipande vidogo, akazibandika mpaka zikawa kuku, ng'ombe na wanawake wanaochota maji. Mwaka 1990 kazi zake zilitundikwa katika jumba la makumbusho la Studio Museum mtaani Harlem, New York. Mama hakuwahi kusikia jina hilo. Lakini ukanda wa kijani uliomo katika nyungo zake za miaka ya mwisho ni uzi aliouchomoa kwenye viroba vya mbolea, na alikuwa akizunguka kwenye maduka ya pembejeo kuuliza kiroba cha rangi gani kimeingia. Wenye kuumba wanafanana kwa hilo: macho yao hayatulii juu ya kitu kilichotupwa.

Mwaka mmoja alikwenda kwenye msiba Kondoa, na ndugu wa huko wakampitisha Kolo kuona michoro ya miambani. Michoro hiyo ni ya kale sana. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 kwa miezi kadhaa, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Wengi wakirudi kutoka kule wanasimulia barabara. Mama alirudi kimya, akachemsha rangi nyekundu usiku ule ule, na kwa majuma kadhaa hakushika kitu kingine. Ungo uliotoka ulikuwa na watu wembamba, warefu, vichwa vikubwa, wamesimama kuzunguka duara zima, miguu kuelekea katikati. Kuchora mtu mwembamba kwenye mwamba ni jambo moja. Kumpata kwa mshono unaozunguka, ambapo kila mzunguko unaweka alama moja tu ya mguu wake na hujui kama mguu utanyooka mpaka umefika kiunoni, ni jambo jingine. Nilikuwa nimekaa karibu yake alipomaliza. Aliuinua juani, akauzungusha, akacheka. Siku ya pili haukuwepo. "Nimempa jirani," alisema, "yeye hajawahi kwenda mahali popote."

Kaka alikuwa akimgombeza kwa mambo haya. Mchuuzi mmoja kutoka Arusha alifika akataka nyungo za watalii, zote zifanane, na bei ilikuwa nzuri. Mama alishona wa kwanza. Akashona wa pili, ukawa tofauti. Akashona wa tatu, nao tofauti, kwa sababu katikati ya kazi mkono wake ulikuwa umeona njia nyingine. Mchuuzi aliondoka na wa kwanza. Hizo nyingine mbili zikaenda kwa wanawake wa jumuiya. Kuna kitabu cha mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, *The Wahi Wanyaturu*, kilichotoka mwaka 1970, kinachoeleza uchumi wa watu wetu: jinsi nafaka inavyogeuzwa mifugo, na mifugo inavyokuwa ndiyo akiba na ndiyo hesabu ya heshima. Ni kitabu cha maana. Lakini kwa hesabu hiyo mama angeandikwa maskini, na mimi nimekaa katika nyumba yake, sikuuona umaskini huo.

Turudi kwenye Julai.

Kaka hakukata tamaa. Kama vyake viko kwa watu, watu waombwe wavilete kwa siku moja. Aliandika tangazo zuri la nusu ukurasa, likapelekwa kigangoni lisomwe Jumapili. Msomaji siku hiyo alikuwa na matangazo mengi: mchango wa paa, ndoa, mbuzi aliyepotea. La kwetu akalifupisha: familia ya marehemu inawaomba wote wenye nyungo, vikapu na vitambaa vya marehemu wavirudishe nyumbani kwake kabla ya Ijumaa.

Wavirudishe! Kufika saa tisa alasiri habari ilikuwa imeenea mpaka kwenye mashine ya kukamua alizeti kwamba watoto wa marehemu wamekuja kukusanya mali ya mama yao wakaiuze Arusha. Jioni alikuja mama mmoja mtu mzima, rafiki wa mama wa siku nyingi, ungo umefungwa ndani ya kanga. Aliuweka kizingitini. Hakupiga hodi, hakusalimia, akageuka akaenda zake. Shangazi alitoka mbio kumwita, mama yule hakugeuka.

Shangazi alirudi ndani anatetemeka. "Mtu akitoa ametoa! Wifi yangu hakuwahi kudai hata kijiko. Leo amelala chini, watoto wake wanamdaia?"

"Shangazi, tangazo halikusema hivyo," kaka akajitetea.

"Mimi sijui tangazo. Mimi najua nilichokiona mlangoni."

Baba hakusema neno. Alivaa koti lake la misa, akachukua fimbo, akaniambia, "Twende, mwanangu." Tukatoka.

Sitaisahau safari ile ya nyumba hadi nyumba. Kila tulipofika baba alikataa kiti mpaka aseme kwanza, na maneno yalikuwa yale yale: "Tunamkumbuka mwenzetu. Kwetu hakuna cha kumwonyesha, kila kitu mnacho ninyi. Tunaomba mtusaidie kumwona siku moja, kisha kila mtu achukue chake." Sura zilikuwa zikilegea hapo hapo. Kisha mwenye nyumba angeingia ndani na kutoka na ungo, na mimi nikauona mmoja baada ya mwingine pale ulipokuwa ukifanya kazi. Mmoja ulifunika chungu cha uji wa mgonjwa. Mmoja ulikuwa na mbegu za alizeti za msimu ujao, umetundikwa juu ya moshi ili wadudu wasiguse. Mwingine kingo zilikuwa zimeliwa na panya, mwenyewe akazirudishia kwa uzi wa gunia, mshono mbaya lakini umekaza. Kwa fundi baiskeli aliyekuwa akimpa mama spoku chakavu, ungo ulikuwa karakanani umejaa nati na bolti, umeloa grisi, maua yake ya njano yanaonekana kwa shida. Fundi aliona haya. Baba aliushika, akaupima uzito. "Huu ndio unaofanya kazi kuliko yote," akamwambia.

Kwa yule mama aliyeacha ungo kizingitini tulifika mwisho, giza limeingia. Baba alimwamkia yeye kwanza, ingawa kwa umri ilipasa kuwa kinyume. Walizungumza Kinyaturu kwa sauti ya chini na mimi nikakaa mbali. Tulipotoka baba alisema tu, "Atakuja."

Kuanzia Jumatano walianza kuleta. Na hapa kaka, ambaye ameishi Dar es Salaam miaka mingi, alikuwa amesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Ilongero analijua: chombo hakirudi kitupu. Mtu hawezi kuingia kwenye nyumba yenye kumbukumbu ameshika ungo wa marehemu hauna kitu. Ungo wa kwanza ulikuja na mtama. Wa pili karanga. Ikaja michembe, ukaja uwele, zikaja choroko, likaja dumu la mafuta ya alizeti limelazwa juu ya ungo na kushikiliwa kwa mikono miwili, vikaja vitunguu vingi kuliko tunavyoweza kula kwa msimu. Wakaja kuku, hao kuku wa Singida wanaosafirishwa kwa matenga mpaka Dar es Salaam, wamefungwa miguu, wamelala juu ya kazi ya mama huku wanatutazama kwa jicho moja.

Shangazi alifungua daftari. Alikuwa amekasirikia mpango tangu mwanzo, lakini mambo yakishafika mlangoni kwake hawezi kuyaacha yaharibike. Aliandika kila ungo: wa nani, una alama gani, umekuja na nini. Sebule ilijaa, tukafungua stoo. Stoo ilijaa, tukahamishia chumba cha wajukuu, wajukuu wakapelekwa kulala kwa jirani, na jirani akawarudisha asubuhi na ungo wake uliokuwa umesahaulika, umejaa mayai.

Usiku wa kuamkia misa wajomba walileta mbuzi wa kitoweo. Akafungwa uani, kamba ikafika dirishani, na dirishani ndipo shangazi alipokuwa ameliweka daftari ili lisipotee. Alfajiri tulimkuta mbuzi anamalizia jalada. Shangazi alisimama pale na taa mkononi, akamtazama mbuzi kwa muda mrefu, akasema kwa utulivu uliotutisha sote, "Huyu awe wa kwanza sufuriani."

Hata hivyo kaka alisema nyungo bado zina vitu vyake, kila mtu atautambua wake kwa kilichomo ndani. Kisha, tuliporudi kutoka misani, akatoa agizo ambalo lilitokana na mapenzi tu: alitaka mapambo yaonekane. Ungo uliojaa mtama hauonekani ndani. Basi vijana wakatandika turubai jingine chini, wakamimina kila ungo fungu lake, mtama hapa, karanga pale, na nyungo zikasimamishwa mezani zimeegemea ukuta wa mianzi, safu kwa safu.

Zilikuwa nzuri. Nataka niliseme hili kabla sijaendelea, kwa maana wakati wenyewe ulikuwa mfupi. Kwa mara ya kwanza kazi ya maisha yake ilisimama mahali pamoja. Nyeusi za ujana wake, za mistari mikali. Nyekundu za baada ya Kolo. Za njano za mwaka wa njaa, wakati aliposhona maua tu. Za mwisho zenye kijani cha viroba. Baba alipita mbele ya meza polepole akigusa kila mmoja ukingoni, na watu walimpisha.

Kiangazi cha Singida kina upepo. Si bure kwamba kila yanapozungumzwa mambo ya umeme wa upepo Tanzania, Singida inatajwa. Ulivuma kutoka mashariki, ukaingia chini ya turubai la kodi, ukalijaza. Nguzo moja ilichomoka ardhini ikaning'inia hewani kwa kamba yake. Ya pili ikafuata. Turubai liliporudi chini liliangukia ukuta wa mianzi, ukuta ukaangukia meza, na nyungo za mama zikaruka.

Ungo uliotengenezwa vizuri ni mwepesi, na ni duara. Nyingine zilipaa mpaka kwenye paa la jikoni. Nyingine zilitua wima, zikaanza kubingiria kwa ukingo kushuka mteremko kuelekea barabarani, na watoto wote wa kumbukumbu wakapiga kelele wakazifuata. Wajomba walikimbia na viatu vya misa. Katekista alikimbia ameshika kanzu yake mkononi. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita alisimama, akaudaka mmoja kwa mguu, akavua kofia yake kwa heshima alipoambiwa ni wa nani. Kuku waliofungwa walipata kulegezwa katika purukushani wakaingia moja kwa moja kwenye mafungu ya nafaka, watu wakawafukuza kuku, na miguu ya watu ikakamilisha kazi. Upepo ulipotulia, pale palipokuwa na mafungu palikuwa na fungu moja: mtama, uwele, karanga, choroko na mchanga.

Kaka aliketi juu ya kiti cha plastiki kilichoanguka, bila kukisimamisha kwanza. Shangazi alifunika mdomo kwa kanga. Nyungo zilirejeshwa na watoto, zikarundikwa, na hakuna aliyejua upi wa nani, maana daftari lilikuwa tumboni mwa mbuzi na mbuzi alikuwa sufuriani.

Aliyeinuka alikuwa yule mama wa kizingitini. Alikuja kweli, alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alijifunga kanga kiunoni, akachota ungo wa juu kwenye rundo, akakingia fungu la nafaka, akasimama ukingoni mwa uwanja, akaanza kupepeta. Upepo ule ule ulichukua makapi. Akatikisa, akarusha, akatikisa, na mtama ukasogea upande wake, karanga upande wake. Mama mwingine akainuka. Kisha wote. Uwanja ulijaa sauti ile ya nafaka ikirudi kwenye ungo, sauti niliyoamkia utoto wangu wote.

Na hapo wakaanza kutambua. "Huu si wangu, wangu una jicho jeusi katikati." "Jicho jeusi lipo huku, lete hapa." "Nani ana wenye mshono mweupe mmoja ukingoni?"

Swali hili la mwisho aliliuliza mama mmoja ambaye hana maneno mengi. Alipoupata aliugeuza mpaka akauona mshono huo mweupe, akawaonyesha waliokuwa karibu. Alisema wiki aliyozika mtoto wake wa kwanza, mama yetu alikuja na nyasi zake akaketi uani. Hakumwambia pole. Alishona tu, akarudi kesho yake, akashona tena, na wakati mwingine alimpa mwenye nyumba sindano ili apumzishe vidole, na mwenye nyumba akashona bila kujua anashona nini. Ulipoisha mama aliweka mshono mmoja mweupe ukingoni na kumwambia, "Huyu yumo." Sisi watoto hatukuwahi kusikia habari hiyo. Alikuwa akirudi nyumbani jioni, anapika, hasemi.

Yakatoka mengine. Aliyepewa ungo siku aliyoachika, akaambiwa wa kwenda kuanzia nyumba. Yule jirani wa watu wa Kolo, ambaye alisema kila akipepeta mtama anawaona wale watu wanacheza, na kwamba mwaka juzi alipanda gari akaenda mwenyewe kuwaona mwambani. Fundi baiskeli alichukua wake wenye grisi, akasema ataendelea nao hivyo hivyo kama baba alivyomwambia. Baba naye akasimama. Tulidhani atatoa shukrani. Akasema miaka yake yote ya ndoa alikula ugali ulioungua upande mmoja, kwa kuwa mke wake alikuwa akisonga huku anatazama mshono, na kwamba mwaka huu amekula ugali usioungua na haujamshibisha. Akakaa.

Kaka ndiye aliyekumbuka ule ungo ambao haujaisha. Aliutoa ndani akamwonyesha yule mama mpepetaji. Shangazi alitaka uwekwe kaburini, dada alitaka uwekwe kwenye fremu ya kioo. Mama yule aliusogeza karibu na macho, akapitisha kidole kwenye mizunguko ya mwisho. "Hapa alikuwa mgonjwa," akasema. "Mkono umelegea. Mwenyewe angefumua." Akachomoa sindano na kufumua mizunguko miwili, taratibu, mbele yetu, na shangazi akageukia ukuta. Kisha akamwita binti wa kaka, aliyekuja kutoka Dar es Salaam na simu mkononi, akamkalisha chini kwenye mkeka. "Shika hapa. Si kwa kucha, kwa kidole." Walikuwa bado pale chakula kilipopakuliwa, na mtoto akakataa kula.

Jumamosi ilibaki kazi ya kurudisha nyungo ambazo wenyewe walikuwa wameondoka mapema. Chombo hakirudi kitupu. Tulijaza kila mmoja mchanganyiko ule wa nafaka uliochambuliwa ukabaki wa kusaga pamoja, juu yake vitunguu, na kaka akakodi bodaboda akapakia rundo, akaondoka asubuhi. Alirudi magharibi. Nyuma ya pikipiki palikuwa na bakuli la asali, sufuria ya maharage yaliyopikwa, kikapu cha viazi, na jogoo. Kila nyumba ilikuwa imekataa aondoke mikono mitupu.

Shangazi alivipanga vyombo vile barazani kimoja kimoja. Akanitazama. "Haya, leta daftari jipya," akasema. "Na safari hii liwekwe juu ya kabati."